Mguu Mwepesi

Asubuhi ile Mshale aliambiwa mambo mengi kuhusu gari la umeme la bintiye, na katika yote akalisikia moja tu: kwamba lilikuwa limejaa chaji.

Binti alikuwa amejilaza kwenye kochi la sebuleni, mguu wa kulia umefungwa plasta kutoka kwenye vidole hadi chini ya goti. Alikuwa ameteleza bafuni, na ndiyo sababu funguo za gari zilikuwa mkononi mwa baba yake na si mkononi mwake.

"Baba, nisikilize. Betri ya hili gari imezeeka. Likijaa linakupa kilomita mia na sabini, na hizo ni ukiliendesha kwa adabu. Hospitali ni kilomita mia na thelathini. Mtasimama pale kituo cha mafuta cha katikati, mtachaji kidogo, mtaendelea. Usikimbie."

"Nani anakimbia?"

"Baba."

"Nimeuliza, nani anakimbia? Nimeendesha mabasi mpaka nikapata mvi, leo nifundishwe kuendesha pasi?"

Pasi ndilo jina alilolipa gari lile tangu siku lilipoletwa nyumbani. Halina moshi, halina muungurumo, na jioni unalichomeka ukutani. Yeye jina lake la Mshale alilipata kwenye njia ya mabasi, kwa kuondoka wa mwisho na kufika wa kwanza. Alikwisha kustaafu, lakini jina halikustaafu naye.

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, mkono mmoja umeshika fremu, uso umeelekea upande ambako sauti zilitoka. Mtaa mzima ulimwita Fundi. Cherehani yake ilikuwa imelisha nyumba ile kwa miaka mingi, hata ile ambayo basi la Mshale lilikuwa gereji. Sasa cherehani ilikuwa imefunikwa kitambaa, maana mtoto wa jicho alikuwa amemziba macho yote mawili. Mwanzo alisingizia uzi mbovu, kisha taa mbovu, mpaka siku alipomwaga maji ya moto mezani akidhani kikombe kipo.

Daktari bingwa aliyetoka mbali alikuwa amekuja hospitali ya mji mkubwa kwa siku chache tu, na hii ilikuwa ya mwisho. Fundi alitakiwa kuwa amefika kabla ya saa sita mchana. Akikosa leo, ni mpaka mwakani, na walikwisha kuambiwa kwamba jicho la kushoto halingevumilia mpaka mwakani.

"Mama, umekunywa dawa yako ya presha?" Binti aliuliza.

"Nimekunywa."

"Unaogopa?"

"Niogope nini? Mtoto huyu wa jicho nimemlea bure, hatumwi wala hanisaidii. Acha atolewe."

Binti akacheka. Fundi hakucheka. Mshale hakuona, kwa sababu alikuwa amekwisha kutoka nje kuhakikisha buti limefungika vizuri. Humo ndani mlikuwa na maboksi sita ya marumaru ambayo jirani yao mwashi alimwomba amfikishie shemeji yake mjini. Ni mzigo kidogo tu, mwashi alisema, na Mshale si mtu wa kumkatalia jirani. Hakuona haja ya kumwambia mtu yeyote.

*

Walipotoka nje ya mji barabara ikafunguka, na Mshale akagundua jambo ambalo hakulitegemea: lile pasi lilikuwa na mbio. Ukigusa tu, linaruka. Halikohoi wala halilalamiki. Alikuta lori, akalipita. Akakuta gari jeusi la mtu aliyevaa tai, akalipita pia, na akamtazama dereva wake kwa upole kama mtu anayemwambia pole. Kiyoyozi alikifungua mpaka mwisho. Upepo baridi ulimpiga kifuani, naye akaanza kupiga mluzi.

"Unakanyaga mafuta," Fundi alisema.

"Gari halina mafuta, mama watoto."

"Basi unakanyaga hicho lilicho nacho."

"Nataka tuwahi. Tukifika mapema utapumzika kabla hawajakuita."

Kwenye kioo cha mbele ya usukani kulikuwa na namba kubwa inayoonyesha kilomita zilizobaki kwenye betri, na namba hiyo ilikuwa inashuka kwa kasi kama bei ya samaki jioni. Mshale aliiona. Alijiambia kwamba vyombo vya kisasa vina uoga. Hata hivyo, kituo cha katikati kilikuwa mbele, na kule kulikuwa na chaja.

Chaja ilikuwepo kweli. Ilikuwa imesimama pembeni ya pampu za mafuta, imevishwa mfuko wa plastiki kichwani na kufungwa kamba shingoni.

"Hiyo imekufa, mzee," muuza mafuta alisema, akijifuta mikono kwa tambara. "Transfoma ililipuka juzi. Hata taa hatuna. Pampu tunaziendesha kwa jenereta."

"Basi nichomeke kwenye jenereta."

"Jenereta yenyewe inapiga chafya. Nikikuchomeka wewe, tunazima wote."

Mshale alirudi garini akatazama namba. Arobaini na tisa. Kwenye bango la barabarani, mji mkubwa uliandikwa sitini. Alitazama tena kana kwamba moja kati ya zile namba ingeona aibu ibadilike.

"Kuna nini?" Fundi aliuliza.

"Hakuna kitu. Umeme umekatika kidogo."

"Tutafika?"

Kabla hajajibu, basi moja linalotoka mji mkubwa liliingia kituoni kwa vumbi na honi, na dereva wake akachungulia dirishani. Alikuwa mtu wa tumbo kubwa na sauti kubwa zaidi. Zamani alikuwa utingo wa Mshale, akining'inia mlangoni na kupanga mizigo.

"Mshale! Mshale mwenyewe! Na hicho ni kitu gani umepanda? Friji?"

Abiria waliokaa madirishani wakacheka. Mshale alicheka nao, kwa meno tu.

"Kuna basi lolote litakalopita hapa kuelekea mjini?" aliuliza, akisogea karibu ili asipaze sauti.

"Ya asubuhi yote yameshapita. Linalofuata ni la saa nane. Vipi, limekwisha moto?" Yule bwana akaona uso wa mzee wake, akaacha kucheka. Akashuka ngazi mbili. "Bosi, kuna shida?"

"Shemeji yako ana operesheni ya macho. Kabla ya saa sita."

"Lo." Utingo wa zamani akajikuna kidevu. "Mimi nakwenda huku, ningekugeuzia basi, lakini hawa abiria watanila mzima. Mlima ndio huo mbele yako, unaujua. Ukishaumaliza, kote ni mteremko mpaka bondeni. Ni huo mlima tu."

Basi likaondoka. Mshale akabaki na simu mkononi, akiigeuzageuza. Mwisho akampigia bintiye.

Binti hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu kama angepiga. Aliuliza tu, taratibu, "Ulikimbia, baba?"

"Kidogo."

"Imebaki ngapi?"

Akamwambia.

"Sawa. Inawezekana. Lakini ufanye kila ninachosema, na ufanye chote. Zima kiyoyozi."

"Mama yako atachemka."

"Fungua kioo kidogo, achemke hivyohivyo. Jaza upepo kwenye tairi zote nne, tairi laini zinakula umeme. Mwendo wako usizidi hamsini. Mlimani liache lipungue, hata likifika thelathini, usilisukume. Ukiona kona au gari mbele, usisubiri kufunga breki. Achia mguu mapema, ukiwa bado mbali. Umeona ile gia, pana herufi B? Ivute hapo. Ukiachia mguu, gari litajizuia lenyewe, na ile nguvu ya kujizuia inarudi kwenye betri. Kwenye mteremko utaona namba inapanda."

"Namba inapanda? Gari linajijaza lenyewe?"

"Linarudisha kidogo katika ulichotumia. Halafu punguza mzigo. Kwenye buti kuna nini?"

Mshale akatazama angani. Akatazama viatu vyake.

"Baba?"

"Marumaru."

"Nini?"

"Maboksi sita tu. Ya shemeji wa mwashi."

Fundi, ambaye alisikia yote kutoka kiti cha mbele, alifungua mlango akatoa uso nje. "Ndiyo maana tangu tutoke nyumbani nasikia nyuma kunagonga kama kabati la vyombo," alisema. "Shusha mzigo wa watu, tuone kama tutafika au tutarudi."

Mshale akabeba maboksi moja moja mbele ya watu waliokuwa wakinunua soda, akayapanga chini ya ukuta wa choo, jasho likimtiririka. Muuza mafuta aliahidi kuyatunza. Alimsaidia pia kujaza upepo, akiuliza kila tairi, "Hii nayo, mzee? Hii nayo?" kama mtu anayemvisha mtoto viatu.

*

Mlima ulianza mara tu baada ya kituo.

Mshale alijua kila kona yake. Enzi zake alikuwa akiupanda akiwa amekwisha kuyapita magari mawili matatu njiani. Sasa mshale wa mwendo ulikuwa kwenye arobaini, ukashuka thelathini na tano, naye mguu wake ulikuwa juu ya pedali kama mtu aliyekanyaga kifaranga na anaogopa hata kuuondoa. Nyuma yake msururu ulianza kujengeka. Honi ya kwanza ilikuwa fupi, ya pili ndefu, kisha zikawa hazihesabiki. Lori la mchanga likampita. Lori la mchanga! Halafu basi la shule, watoto wamejazana madirishani wakimpungia mkono kwa furaha kubwa. Halafu kijana wa gari dogo jekundu aliyeteremsha kioo kabisa ili maneno yake yafike yote.

"Mzee! Kama umechoka kuendesha, lala nyumbani!"

Shingo ya Mshale ikavimba. Mguu ukashuka.

"Umekanyaga," Fundi alisema.

Akauinua.

"Umejuaje?"

"Nasikia. Ukikanyaga, mgongo wangu unagusa kiti. Mimi sioni, lakini mgongo ninao."

Wakaenda. Joto lilikuwa limewafunga mle ndani kama shuka lililoloa. Fundi alijipepea kwa khanga. Baada ya muda akasema, "Haraka haraka..."

"Usimalizie."

"Sijasema kitu."

"Nimekuomba, mama watoto. Leo si siku yake."

Fundi akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Namba ilikuwa thelathini na nne, na kilele hakikuonekana. Kila mara Mshale alipoona lori limeegeshwa mbele, aliachia mguu akiwa mbali, gari likajivuta lenyewe polepole, naye akalipitia pembeni bila kugusa breki. Aligundua kwamba sasa alikuwa anatazama mbali kuliko alivyowahi kutazama. Zamani alitazama gari la mbele yake tu, na jinsi ya kulipita. Sasa alitazama kona ya tatu, ng'ombe wanaokaribia barabara, moshi wa basi linalojiandaa kuondoka.

"Nikuambie kitu?" Fundi alisema.

"Niambie."

"Tangu unioe, sijawahi kukaa kwenye gari unaloendesha bila kuogopa. Ukiwasha naanza kumwomba Mungu, ukizima namshukuru. Katikati hapo hata maongezi siyasikii."

Alikuwa akidhani mkewe ni mtu asiyependa mazungumzo safarini.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unafurahi mno. Utamwambiaje mtu anayefurahi?"

Gari la nyuma likapiga honi. Hakulisikia.

"Na lingine," Fundi akaendelea, sauti ikashuka. "Pale kituoni, yule aliposema umeme hakuna, moyo wangu ulitulia. Nilisema afadhali. Gari likizima, basi, ni Mungu hakupenda, tutarudi nyumbani, hakuna wa kunilaumu."

"Unasema nini wewe?"

"Dada yangu alipelekwa hivihivi. Aliambiwa ni kitu kidogo. Alitoka hajui mchana wala usiku mpaka alipokufa. Mimi angalau sasa hivi naona mwanga. Naona umbo lako hapo kama gunia. Wakinichokoa jicho wakaharibu, hata gunia sitaliona."

Mshale alitaka kumwambia asiogope. Alitaka kumwambia kwamba madaktari wa siku hizi si wa zamani, maneno yale ambayo kila mtu aliyewatembelea wiki ile alikuwa ameyasema. Lakini mwendo ule mdogo haukumpa mahali pa kujificha.

"Mimi pia naogopa," alisema.

"Wewe unaogopa nini?"

"Naogopa watakuharibu. Na naogopa kwamba nikisema hivyo, utakataa kwenda. Na naogopa hili pasi litazima hapa hapa mlimani, yule kijana wa gari jekundu arudi anikute nasukuma."

Fundi alicheka mpaka akashika tumbo, kisha machozi yakaja yenyewe, akayapangusa kwa ncha ya khanga. Hakusema tena habari ya kurudi. Baadaye kidogo alisema tu, "Endesha hivihivi. Mguu wako leo ni mwepesi."

*

Juu kabisa, penye mnara wa simu, namba ilionyesha ishirini na mbili. Bango la barabarani likasema arobaini na tatu.

Mshale hakumsomea mkewe lolote kati ya hayo. Alivuta pumzi, gari likapinda kileleni, na bonde likafunguka mbele yao lote, na barabara ikishuka kwa kona hadi chini kabisa. Akaachia mguu.

Gari likajishika lenyewe, kama mtu anayeteremka ngazi akiwa amebeba maji. Ishirini na mbili. Ishirini na mbili. Kisha ishirini na tatu.

"Imepanda!"

"Nini imepanda?"

"Namba! Fundi, namba imepanda! Ishirini na nne! Sijagusa kitu, wallahi, mguu wangu uko hewani!"

"Usiuweke hewani sana, ukatuua tumekaribia."

Alikuwa anasoma kwa sauti kama mtoto anayejifunza kuhesabu, na Fundi alikuwa anazirudia naye. Kwenye kona alishuka taratibu, na kila aliposhuka taratibu gari likamlipa. Maisha yake yote mteremko ulikuwa mahali pa kupata mbio. Leo ulikuwa mahali pa kupata akiba. Walipofika bondeni namba ilikuwa thelathini na tatu, na bango lilisema thelathini na moja.

"Zimebaki mbili za ziada," Mshale alisema.

Bondeni upepo ulikuwa unawapiga usoni, na zile mbili za ziada zikaanza kuyeyuka. Mbele yao lilikuwepo lori la magodoro, limepakia mpaka linayumba, likienda mwendo wa maiti. Zamani angelipita kabla ya kulifikiria. Sasa alikaa nyuma yake, kwa nafasi ya kutosha, akaliacha limkatie upepo. Gari jekundu lilikuwa limeegeshwa pembeni ya barabara, boneti limefunguliwa, mvuke unatoka. Yule kijana alisimama kando akipiga simu. Mshale alilipita kwa mwendo wake ule ule, akapiga honi mara moja, fupi, ya salamu. Hakujivunia zaidi ya hapo. Umeme wa kujivunia hakuwa nao.

Mjini foleni iliwapokea. Kwenye kioo ikatokea picha ndogo ya kobe.

"Kuna kobe," alisema.

"Barabarani?"

"Hapa kwenye kioo. Sijui ana maana gani."

Alimpigia Binti, akaweka simu kwenye paja, sauti imefunguliwa. "Maana yake betri inakaribia kuisha, gari linajibania," Binti alisema. Alikuwa amekaa wima kwenye kochi na alikuwa ameuma kucha zote za mkono mmoja. "Baba, usizime, usirudi nyuma, nenda tu. Mko wapi?"

"Naona ukuta wa hospitali."

"Nenda tu, baba. Nenda tu."

Mlinzi wa geti alinyoosha mkono. "Maegesho yamejaa. Zungukeni nyuma, geti la pili."

"Kijana wangu, gari hili haliwezi kuzunguka."

"Kila mtu anasema hivyo, mzee. Geti la pili."

Mshale akashuka. Yeye aliyekuwa akifunguliwa vizuizi vyote vya njia ile kwa honi moja, alisimama mbele ya yule kijana mikono imeunganishwa. "Mama huyu haoni. Ana operesheni sasa hivi. Na gari limekwisha. Niseme nini tena? Nisaidie."

Mlinzi akamtazama, akamtazama Fundi aliyekuwa akipapasa kitasa cha mlango, akainua kizuizi. Gari lilivuka geti kwa kiasi cha urefu wake tu, likazima. Mlinzi akaegemeza bega nyuma, mpita njia mmoja akaja, wakalisukuma mpaka chini ya kibanda. Haikuwa saa sita. Ilikuwa bado hata saa tano na nusu.

Kwenye dirisha la mapokezi muuguzi alilisoma jina la Fundi kwenye kompyuta yake, akasema, "Karibu, mama. Mmefika mapema. Daktari bado yuko na wawili mbele yako. Kaeni mpumzike."

Mshale alikaa kwenye benchi. Fundi aliupapasa mkono wake akaukuta umelowa.

"Tumefika, mzee wangu," alisema. "Sasa pumua."

*

Waliomba chaja kwa fundi umeme wa hospitali, naye akawavutia waya kutoka stoo, akisema hajawahi kuona gari linalonyweshwa umeme wa ukutani. Operesheni ilichukua muda mfupi kuliko foleni ya kuingia mjini. Fundi alilazwa hadi kesho yake, kitambaa juu ya jicho la kushoto, na Mshale alilala kwenye kiti kando ya kitanda bila kujali shingo yake.

Asubuhi muuguzi alifungua dirisha, akaosha mikono, akabandua kitambaa taratibu. Fundi alikuwa amefumba.

"Fungua, mama. Polepole. Usilazimishe."

Mshale alikuwa amesimama upande wa miguuni wa kitanda. Hakuthubutu kupumua. Fundi alifungua jicho, likalengwa na machozi, akalifumba, akalifungua tena. Alitazama dirisha. Alitazama mikono yake, akaigeuza. Kisha akamtazama mumewe, muda mrefu, kuanzia kichwani, na uso wake ukabadilika polepole mpaka Mshale akaogopa.

"Vipi? Huoni?"

"Naona," Fundi alisema. "Nani alikushonea shati hilo?"

Mshale akajitazama. Kola upande mmoja ilikuwa juu kuliko mwenzake, mfuko wa kifuani umeinama kama kofia ya mlevi, na vifungo vilikuwa vimepishana na matundu yake, hivi kwamba shati lote lilivutwa upande wa kushoto.

"Wewe," alisema.

"Mimi? Lini?"

"Mwaka jana. La mwisho kabla hujafunika cherehani."

"Na ukalivaa? Ukatoka nalo mbele za watu?"

"Kila nikitoka. Kwenye misiba nimelivaa, kwenye mikutano nimelivaa. Jana nimeendeshea gari."

"Na hakuna mtu aliyekuambia kitu?"

"Waliniambia."

Fundi aliziba mdomo kwa kiganja, lakini kicheko kilimponyoka kupitia vidole, mabega yakatikisika, kitanda kikalia. Muuguzi akamshika bega. "Mama, usicheke hivyo, jicho bado bichi!" Lakini hata yeye alikuwa ametazama kola ile na alilazimika kugeukia dirisha.

"Tukifika nyumbani ulivue," Fundi alisema, akipangusa shavu kwa uangalifu. "Nitalifumua lote, nilishone upya."

"Nishonee lingine," Mshale alisema, akajinyoosha kola kwa mkono. "Hili halifumuliwi."